SHAMBA LIMEUZWA. JE, NA SISI TUMEUZWA?

Ndugu Wafanyi Kazi,

Asubuhi moja nilikuwa katika foleni ya mizani, kikapu mgongoni, nguo zimelowa kwa umande. Kijana mmoja aliyekuwa akisikiliza habari katika simu yake akageuka akasema, "Wazee, shamba letu limeuzwa." Wengine walicheka. Tukamwuliza nyapara, naye akasema hana habari. Akaulizwa karani wa mizani, naye vilevile. Basi tukapimiwa kilo zetu, tukarudi katika mistari kuchuna. Jioni tukaisikia habari ile kwa masikio yetu wenyewe: kweli shamba limeuzwa, na aliyelinunua yuko nchi nyingine.

Silitaji jina la shamba wala la tajiri, kwa sababu yaliyotupata sisi yamewapata wengi katika wilaya za chai. Lakini jambo moja lilinikaa moyoni. Katika habari ile zilitajwa ekari, vikatajwa viwanda, yakatajwa mapato. Sisi tulitajwa kwa hesabu tu, maelfu kadhaa, kama mtu auzavyo boma na kusema mna ng'ombe wangapi ndani. Hakuna aliyetuuliza kabla, wala hakuna aliyekuja kutueleza baadaye. Mama mmoja jirani yangu kambini, aliyefanya kazi miaka 19, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu usiku ule: "Miaka yangu 19 ameinunua nani?"

Barua hii ni jibu langu kwa mama yule. Nami nasema hivi: chama cha wafanyi kazi kinachokaa mezani kila miaka miwili kubishana juu ya mshahara peke yake, na huku shamba linauzwa na mashine inaingia, kinabishana juu ya bei ya maziwa hali ng'ombe anatolewa zizini. Mkataba wetu ujao lazima uwe na neno juu ya mwenye shamba mpya, na neno juu ya mashine. Bila ya hayo mawili, nyongeza yoyote tutakayopata ni ya watu wachache watakaobaki.

WENYE SHAMBA NI AKINA NANI?

Vijana wengi hawajui habari hii, kwa hiyo yafaa tuikumbuke.

Makampuni makubwa ya chai ya Waingereza, Brooke Bond na James Finlay, yalikuja Kericho katika miaka ya 1920, katika nchi iliyotwaliwa na serikali ya kikoloni kutoka kwa wenyewe. Brooke Bond lilikuwa jina la kila duka na kila jikoni. Mwaka 1984 Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever, wakati ule kampuni kubwa ya Uingereza na Uholanzi iliyouza sabuni, mafuta na vyakula duniani kote. Wazee waliochuna siku zile hawakuulizwa.

Januari 2020 Unilever ilitangaza kwamba inafikiri upya juu ya biashara yake ya chai, kwa kuwa watu wa nchi tajiri wanaacha chai nyeusi na kunywa vinywaji vingine. Novemba 2021 ikatangaza kuiuza biashara hiyo kwa CVC Capital Partners kwa Euro bilioni 4.5, na Julai 2022 mauzo yakakamilika. Lakini angalieni kilichobakizwa. Unilever haikuuza biashara yake ya chai ya India, Nepal na Indonesia, wala sehemu yake katika chai baridi ya chupa. Palipokuwa na wanywaji wengi walikaa. Mashamba ya Kenya, Rwanda na Tanzania yalikwenda na yaliyouzwa.

Nani huyu CVC? Si mkulima wa chai, wala si mwuza chai. Ni kampuni inayokusanya fedha za matajiri na za mifuko mikubwa. Kampuni za namna hii hununua biashara, huibadilisha, na baada ya miaka michache huiuza kwa faida. Fedha nyingine zinazowekwa katika biashara za namna hii ni akiba za uzeeni za wafanyi kazi wenzetu wa Ulaya na Marekani, ambao hawajui kwamba shilingi yao imekuja Kericho kutafuta faida. Katika ulimwengu wa leo mfanyi kazi mmoja aweza kumbana mwenzake bila ya wao wawili kujuana. Ndiyo maana nasema tajiri wetu wa siku hizi si mtu wa kumwona kwa macho.

Na CVC haikukawia. Mei 2024, haijatimia miaka miwili, ilitangazwa kwamba mashamba hayo ya Kenya, Rwanda na Tanzania yatauzwa kwa Browns Investments ya Sri Lanka. Browns hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imetangazwa mwaka 2023 kuwa mnunuzi wa mashamba ya chai ya James Finlay hapa Kenya.

Hesabuni basi. Mtu aliyeanza kuchuna mwaka 1983 akiwa kijana, akakaa pale pale, mti ule ule, mstari ule ule, ameona mabwana wakibadilika na kuuziana juu ya kichwa chake. Kila mara hesabu imefanywa ya mali, na kila mara yeye hakuwa mezani.

MALI ILIYOUZWA NI IPI?

Hapa ndipo pa kufungua macho. Waliponunua kwa Euro bilioni 4.5, walinunua nini? Si miti yetu ya chai tu. Walinunua majina: Lipton, PG Tips na mengine zaidi ya 30. Yaani walinunua mazoea ya mnywaji, yule mtu wa Uingereza au Marekani anayeingia dukani na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye sanduku la manjano. Kisha majina wakayaweka kando, na mashamba wakayatangazia mnunuzi mwingine. Jina lilibaki Ulaya, na shamba likapewa mwingine.

Huo ndio mpango wa biashara wa siku hizi, ndugu zangu, na si wa chai peke yake. Kampuni hushika sehemu yenye faida nene, nayo ni jina na soko. Sehemu yenye jasho na hasara, yaani ardhi, mvua, baridi kali, mbolea, nyumba za kambi, zahanati na mishahara, humwachia mtu mwingine. Kisha humwambia huyo mwingine, "Niletee majani kwa bei hii, ama nitanunua kwingine." Na huyo naye anageuka kwetu na kutuambia, "Mwasikia? Bei ni hiyo. Mimi nifanyeje?"

Tajiri akisema bei ni ndogo, hasemi uongo wote. Sehemu kubwa ya chai yetu hupita katika mnada wa Mombasa, huuzwa kwa dola za Marekani, na wanunuzi wake wakubwa ni Pakistan, Misri na Uingereza. Dola ikipanda au ikishuka, Misri ikikosa fedha za kigeni, Pakistan ikibadili kodi, sisi tunasikia huku mlimani. Hayo twayajua. Kenya ndiyo nchi inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko zote duniani, na bado sehemu kubwa huondoka ndani ya mifuko mikubwa ya karatasi, kwenda kuchanganywa na kutiwa jina mahali pengine.

Mnada wa chai wa London ulifungwa mwaka 1998. Wengine walisherehekea, wakasema sasa soko ni letu. Kweli, kengele ya mnada inalia Mombasa. Lakini faida ya jina haikupanda meli kuja Mombasa pamoja na kengele. Serikali zetu zimesema kwa miaka mingi kwamba chai itatiwa thamani hapa hapa. Tunangoja.

Kwa hiyo tajiri asituambie kwamba mashindano ya dunia ni kama mvua ya mawe, yameanguka tu kutoka mbinguni. Mvua ya mawe haina mkutano wa wakurugenzi. Kuacha shamba na kushika jina ni shauri lililokatwa na watu, mezani, kwa kalamu. Na shauri lililokatwa na watu laweza kujadiliwa na watu.

MASHINE HAINA MASIKIO

Sasa nije kwenye jambo linalotuuma zaidi. Mashine za kuchuna si ngeni. Oktoba 2010 wafanyi kazi wa mashamba ya chai waligoma kwa ajili yake. Tangu wakati huo zimezidi kuja. Ziko zile zinazoshikwa na watu wawili kila upande wa mstari, na ziko kubwa zinazoendeshwa. Yasemwa kwamba mashine moja yaweza kushika nafasi ya watu 100. Mjumbe wa kamati iliyoundwa kuchunguza mambo haya alisema mwaka 2023 kwamba katika Kericho peke yake kazi zaidi ya 30,000 zimepotea kwa muda wa miaka kumi.

Na ni nani waliopoteza? Wanawake wamekuwa wengi katika uchunaji tangu zamani, na pahali pengi mashine hupewa wanaume. Mashine inapoingia, mama yule wa miaka 19 hapunguziwi kilo tu. Hupoteza chumba cha kambi, watoto hupoteza shule iliyo karibu, na ukoo nyumbani hupoteza fedha za kila mwezi. Muuza mandazi wa kambi hupoteza, na fundi viatu hupoteza. Tajiri huandika mstari mmoja katika hesabu yake, "gharama ya uchunaji imepungua." Mistari mingine haimo katika kitabu chake.

Machi 2023 kamati ile ilishauri kwamba mashine zisipite sehemu 60 katika kila 100, na mikono ibakiziwe sehemu 40. Haukupita muda. Mei 2023 watu wakaziendea mashine na kuzichoma moto. Mashine 9 za Ekaterra ziliharibiwa, na chama cha wenye mashamba kilihesabu hasara ya karibu shilingi milioni 170. Katika ghasia zile mtu aliuawa, na wengine walijeruhiwa, polisi na wafanyi kazi.

Nitasema wazi, hata kama baadhi yenu mtanichukia. Kuchoma mashine si njia. Mashine haina masikio. Ukiichoma, tajiri ataagiza nyingine, bima italipa, na wewe utalala gerezani au kaburini. Na mara nyingi aliyekamatwa ni kijana asiye na kazi wala kadi ya chama, na waliokuwa nyuma yake hawaonekani.

Lakini wale waliotoa hotuba kali juu ya vijana wale, walikuwa wapi kutoka mwaka 2010 hadi 2023? Watu walilia miaka kumi na mitatu. Waligoma, walikwenda mahakamani, waliandika barua, waliunda kamati. Mtu akipiga mlango miaka kumi na mitatu na wenye nyumba wakanyamaza, msishangae siku atakaporusha jiwe. Jiwe ni kosa. Kunyamaza pia ni kosa, na ndilo kosa lililotangulia.

WALIOIUZA MASHINE

Wako wanaosema, "Mashine haizuiliki, basi tunyamaze." Wako wengine wasemao, "Mashine izuiwe kabisa, hata moja isiingie." Mimi sikubaliani na wote wawili, na nitawapa mfano wa watu walioshika njia ya tatu.

Chai yetu huondoka Kilindini ndani ya kontena, yale makasha makubwa ya chuma. Zamani kila mfuko ulibebwa na bega la mtu. Aprili 1956 meli moja ya Marekani, Ideal X, ilitoka Newark kwenda Houston ikiwa na makasha 58, na tangu siku ile kazi ya mabega ikaanza kufa katika bandari zote za dunia. Chama cha wapakiaji wa bandari za magharibi ya Marekani, ILWU, kilichoongozwa na Harry Bridges, kiliona jambo hili likija. Walikuwa na nguvu ya kuizuia mashine kwa miaka michache. Hawakuweza kuizuia milele, na walijua hivyo.

Basi Oktoba 1960 walikaa na wenye meli wakafanya mapatano. Walisema, "Mwataka kuleta mashine? Leteni. Lakini kuzuia kwetu kuna thamani, nanyi mtakinunua kibali chetu." Wenye meli wakakubali kutoa dola milioni 29 katika muda wa miaka mitano na nusu. Hakuna mtu wa daftari la kwanza angefukuzwa kwa ajili ya mashine. Mzee wa miaka 65 aliyefanya kazi miaka 25 angestaafu na dola 7,920 juu ya malipo yake ya uzeeni. Mashine iliingia, na watu wakapungua kwa kustaafu wala si kwa kufukuzwa.

Huko ndiko kuiuza mashine. Hawakuichoma, wala hawakuipokea bure.

Lakini nisiwafiche upande wa pili, maana mfano usiosemwa wote ni uongo. Mapatano yale yaliwalinda wazee waliokuwa katika daftari la kwanza. Watu wa daftari la pili na vijana waliokuja nyuma hawakupata ulinzi ule ule. Wenye meli walipata faida kubwa kuliko walivyolipa, na miaka kumi baadaye hasira ilikuwa imejaa. Julai 1971 bandari zile ziligoma, mgomo ambao kwa jumla ulikuwa wa siku 134. Basi tuchukue masomo mawili. La kwanza: uza mashine kabla haijaingia, kwa maana ikisha kuingia huna cha kuuza. La pili: usiuze kwa ajili ya wazee peke yao, ukamwacha kibarua wa msimu nje ya mlango.

SHERIA INASEMA NINI?

Wengi wenu mwadhani kwamba sheria itatutetea shamba likiuzwa. Sikilizeni.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yatupa haki ya kuwa na chama, ya kufanya mapatano na tajiri, na ya kugoma. Hiyo ni silaha kubwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba tajiri anayepunguza watu lazima aarifu chama na afisa wa kazi muda usiopungua mwezi mmoja mbele, aeleze sababu na idadi, na amlipe kila mtu mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza.

Pigeni hesabu. Mama wa miaka 19, mara siku 15, ni siku 285. Haufiki mshahara wa mwaka mmoja. Ujana wote, mgongo, magoti, baridi ya saa kumi na mbili asubuhi, vimelipwa kwa pesa zisizofika mwaka. Na hicho ndicho kiasi cha chini cha sheria. Sheria haikusema tajiri asitoe zaidi. Imesema asitoe pungufu. Kupata zaidi ni kazi ya mapatano, na mapatano ni kazi yetu.

Na shamba likiuzwa je? Hapa kuna tundu. Zikiuzwa hisa za kampuni, kampuni ni ile ile, na kazi yako inaendelea kwa jina lile lile. Lakini likiuzwa shamba lenyewe kwa kampuni nyingine, hakuna kifungu katika Sheria yetu ya Ajira kinachosema kwamba mfanyi kazi na miaka yake wanahamia moja kwa moja kwa mnunuzi. Waweza kuambiwa uanze upya, mwaka wa kwanza, kama mtu aliyeshuka kwenye basi jana. Katika nchi za Ulaya sheria ya namna hiyo iko. Kwetu, lisiloandikwa katika mkataba laweza kubishaniwa mahakamani miaka mingi, na wewe huna nauli ya kwenda mahakamani.

KOSA LETU WENYEWE

Haifai kuwalaumu matajiri na serikali tu na kujisafisha sisi. Nani kati yenu amesoma mkataba wetu? Si kusikia, kusoma. Umeandikwa Kiingereza, umefungiwa kabatini ofisini, na mwanachama huujua siku ya kufukuzwa. Mkutano wa tawi ukiitwa, watu ishirini huja. Siku ya kugawa kofia za uchaguzi huja mia tano. Na baadhi ya viongozi wetu huonekana kambini wakati wa kura, kisha hupotea mpaka kura nyingine. Chama cha namna hiyo tajiri hakiogopi. Hukipa chai, tena chai yetu wenyewe, na kukiaga mlangoni.

Tena kuna ubaguzi kati yetu. Mwenye kazi ya kudumu humdharau kibarua. Anayeendesha mashine humwona mchunaji mshamba. Mwenye shamba dogo la chai, aliye mkulima wa KTDA, hutuona sisi wa mashamba makubwa si wenzake, hali anapopata mtu wa kumchunia naye ni tajiri, na anapouza mnadani bei ni ile ile inayotuumiza wote. Tajiri hahitaji kutugawanya. Hutukuta tumekwisha gawanyika.

TUDAI NINI?

Nayaleta haya mbele ya tawi, yajadiliwe, yaongezwe, yapunguzwe, kisha yapelekwe kwa viongozi kabla ya mazungumzo yajayo.

1. Kabla ya kuuza shamba au sehemu yake, tajiri akiarifu chama kwa maandishi, na mnunuzi atie sahihi kuushika mkataba wetu kama ulivyo. Miaka ya kila mtu ihesabiwe tangu siku yake ya kwanza. Ndilo jibu la mama yule.

2. Mashine mpya isiingie shambani kabla ya mapatano. Tajiri afungue daftari: kilo moja kwa mkono ni gharama gani, kwa mashine ni gani. Tofauti hiyo ndiyo faida ya mashine, na sehemu yake iingie katika mfuko wa wafanyi kazi, ulindwe na pande zote mbili.

3. Watu wapungue kwa kustaafu na kwa hiari yao, si kwa kufukuzwa. Anayekubali kuondoka apewe zaidi ya siku 15 za sheria.

4. Waendesha mashine wachaguliwe kutoka kwa wachunaji waliopo, na wanawake wafundishwe kama wanaume.

5. Vibarua wa msimu waandikwe katika mkataba huu. Asiachwe mtu nje ya daftari.

6. Anayeondoka asitolewe chumbani kabla watoto hawajamaliza muhula wa shule.

7. Mkataba uandikwe pia kwa Kiswahili, na nakala ibandikwe katika kila kambi.

Na jambo la nane si dai kwa tajiri, ni kazi yetu. Mnunuzi akitoka Sri Lanka, huko nako kuna wachunaji wa chai. Watu wale, wengi wao Watamil walioletwa kutoka India na Waingereza, walipigania rupia 1,000 kwa siku kwa miaka mingi, na amri ya kuwalipa hivyo ilitoka mwaka 2021 tu. Wanawajua matajiri wa huko kuliko sisi. Kwa nini chama chetu kisiwaandikie barua? Kuwauliza: huyu bwana hushikaje mkataba? Mashine ameleta? Nyumba hutunza? Fedha za matajiri zavuka bahari kwa usiku mmoja. Barua ya mfanyi kazi nayo yaweza kuvuka, na stempu yake si ghali.

Najua wako watakaosema kwamba madai haya yatamkimbiza tajiri. Mti wa chai haukimbii. Ukipandwa hukaa miaka mingi kuliko sisi, na nchi yenye mvua na mwinuko wa Kericho, Bomet na Nandi haiwezi kubebwa ndani ya kontena. Wenye viwanda vya nguo waweza kufungasha cherehani wakahamia nchi nyingine. Mwenye chai lazima aje hapa. Hiyo ndiyo nguvu yetu, na hatujaitumia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu twauona. Mkutano wa tawi ujao kila mwanachama aje, na kila mmoja alete kibarua mmoja asiye na kadi. Waulizeni viongozi swali la yule mama, na msiondoke mpaka limejibiwa.

UMOJA NI NGUVU.

Mimi ndugu yenu katika kazi,
Mchunaji wa Siku Nyingi